Kelele ya Jansky na redio kuukuu ya Ntimaru

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Ntimaru, nikihangaika na jambo ambalo jirani mmoja aliliita wazimu wa watu wa kompyuta. Nilikuwa natengeneza darubini ya redio. Vifaa vyenyewe ni redio kuukuu ya mawimbi mafupi, waya wa mita saba na kidogo, miti miwili ya mkaratusi, na laptopu ambayo betri yake ilishakufa. Leo sitaandika sana kuhusu waya. Nataka kuandika historia, maana historia ndiyo iliyoniokoa nisiaibike zaidi ya nilivyoaibika.

Haya, tuanze mwanzo.

Mwaka 1928 kijana wa miaka 22, Karl Jansky, aliajiriwa na maabara za kampuni ya simu ya Bell huko Marekani. Kampuni ilitaka kupitisha simu za kuvuka Atlantiki kwa mawimbi ya redio, lakini kulikuwa na kelele zilizoharibu mazungumzo. Jansky akaambiwa atafute zinatoka wapi. Pale Holmdel, New Jersey, alijenga antena ya mbao na mabomba ya shaba yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford Model T ili izunguke. Ilisikiliza kwenye masafa ya megahezi 20.5.

Aligawa kelele zake katika mafungu matatu. La kwanza, radi za karibu. La pili, radi za mbali. La tatu lilikuwa sauti nyororo, kama maji yanayochemka polepole, isiyo na mwenyewe. Mwanzoni alidhani linatoka kwenye Jua, kwa sababu lilikuwa likilifuata Jua angani. Lakini miezi ikapita, na kelele ikaanza kuachana na Jua. Kila siku ilifika dakika nne mapema kuliko jana yake.

Hapo ndipo penye siri yote. Siku ya saa 24 tunayoihesabu ni muda wa Jua kurudi pale pale angani. Lakini Dunia nayo inalizunguka Jua, kwa hiyo nyota hurudi mahali pake baada ya saa 23 na dakika 56 tu. Kitu chochote kinachokuja kila siku kwa saa ile ile ni cha hapa duniani, au ni cha Jua. Kinachowahi kwa dakika nne kila siku ni cha nyota. Kelele ya Jansky ilikuwa ikitoka upande wa kundi la nyota la Mshale, ambako ndiko kiini cha galaksi yetu kilipo. Habari hiyo ilitokea kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times tarehe 5 Mei 1933. Kampuni ikampa kazi nyingine. Alifariki mwaka 1950 akiwa na miaka 44.

Aliyeichukua kazi hiyo hakuwa profesa. Alikuwa Grote Reber, mhandisi wa redio wa mji wa Wheaton, Illinois. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga dishi la mita tisa na nusu uani kwa mama yake. Kiunzi kilikuwa cha mbao, na uso wake ulikuwa wa mabati. Naam, mabati, kama yaliyo juu ya nyumba zetu. Alijaribu megahezi 3300, hakupata kitu. Akashuka hadi 900 na ushee, hakupata kitu. Akajaribu 160, na mwaka 1939 galaksi ikasikika. Alikuwa akisikiliza usiku wa manane, kwa kuwa mchana plagi za magari zilimjazia kelele. Anayeishi karibu na steji ya bodaboda ataelewa.

Sasa turudi Ntimaru.

Baba yangu mdogo ni fundi wa redio na televisheni. Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, karakana yake ilijaa maiti za televisheni. Siku hizi kazi yake kubwa ni simu. Nilipomwambia nataka redio inayofika megahezi 20, alinitolea moja kutoka chini ya meza, akapangusa vumbi, akaniuliza nataka kusikiliza nini. Nikasema nyota. Hakucheka. Alisema tu kwamba ile sehemu ya redio inayojirekebishia sauti yenyewe lazima izimwe, la sivyo kelele ikipanda yeye ataishusha na mimi sitaona kitu. Alikuwa sahihi kabisa, na mimi sikuwa nimelifikiria.

Tulifunga waya mwishoni mwa Aprili. Nikaandika programu ya kupima nguvu ya sauti kila dakika na kuchora mstari. Usiku mwingi ulikuwa wa radi tupu, kama mjuavyo mvua za masika za upande huu wa ziwa. Lakini usiku uliotulia, mstari ulipanda vizuri sana saa moja jioni, ukashuka saa nne. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilifurahi mno. Nikawaita wanafunzi wa jirani, nikawaonyesha mchoro, nikawaambia hiki ndicho kiini cha galaksi.

Baba mdogo aliutazama mchoro wa siku ya kumi. "Mwanangu," akasema, "hii galaksi yako mbona inafungua na kufunga kama duka?"

Dakika nne kwa siku kumi ni dakika 40. Mstari wangu haukuwa umesogea hata dakika moja. Jioni ile tukaenda kwa muuza duka, akakubali kuzima taa zake mbili za LED za bei rahisi. Mstari ukalala chini kama mtu aliyepigwa rungu. Niliwaita tena wale wanafunzi na kuwaambia nimewadanganya, bila kukusudia. Mmoja akaniuliza, sasa utajuaje ukiipata ya kweli? Swali hilo lilinifaa kuliko kifaa chochote.

Nikaacha kutazama jioni, nikatazama usiku mkuu. Kulikuwa na kilima kidogo ambacho sikuwa nimekijali. Mwanzo wa Mei kilele chake kilikuwa karibu saa kumi kasorobo usiku. Mwanzo wa Juni kilikuwa karibu saa nane kasorobo. Saa mbili kwa mwezi, ndizo dakika nne kwa siku. Na sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, kwani kiini cha galaksi hupita juu kabisa angani kwetu, ilhali kwa Jansky kilipita chini karibu na upeo.

Msidhani basi kwamba vyuma chakavu ni vya maskini peke yao. Darubini kubwa ya Jodrell Bank nchini Uingereza, iliyokamilika mwaka 1957, ilizungushwa kwa meno ya chuma yaliyong'olewa kwenye mizinga ya manowari za zamani. Dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, Afrika Kusini, lilijengwa na NASA mwaka 1961 kufuatilia vyombo vya angani, kisha likawa darubini ya redio. Ghana iligeuza dishi la simu la mita 32 la Kuntunse, na likazinduliwa mwaka 2017. Nasi Kenya tuna kituo cha Longonot kilichofunguliwa mwaka 1970 kubeba simu zetu kwa satelaiti, hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na kuchukua kazi hiyo. Kimetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kugeuzwa darubini.

Waya wetu bado uko pale kwenye mikaratusi. Baba mdogo ndiye anayewasha redio sasa, na wale wanafunzi ndio wanaoandika saa daftarini. Kilima kikiacha kuwahi kwa dakika nne, wanajua la kufanya. Wataanza dukani.