Urithi wa Kiti cha Kabaka wa Buganda

Kila tarehe 3 Juni Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda. Katika mahubiri ya siku hiyo Kabaka Mwanga hutajwa kuwa mfalme mkatili, na kwao ndivyo alivyokuwa. Lisilosimuliwa mara nyingi ni namna alivyokipata kiti chake, na namna alivyokipoteza, hata akakimbilia kwa mapadre wale wale ambao wanafunzi wao wa dini alikuwa amewaua.

Kwa msomaji wa Singida, ambako Wanyaturu waliongozwa na wazee wa koo pasipo mfalme mmoja, desturi ya Buganda inahitaji maelezo. Mwana wa kwanza wa Kabaka hakurithi. Yeye alipewa jina la cheo la Kiwewa, na kazi yake ilikuwa kuwaangalia wana wengine wa mfalme. Watoto wa Kabaka walifuata ukoo wa mama, hivyo kila ukoo uliomwoza binti ulitumaini kwamba siku moja mjukuu wake angetawala. Mfalme alipofariki, Katikiro, yaani waziri mkuu, pamoja na wakuu wengine walimchagua mmoja. Wale waliobaki walikuwa tishio kwa mteule. Mutesa I alipotawazwa mwaka 1856, wengi wa ndugu zake waliuawa.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, naye Mwanga akachaguliwa angali kijana mdogo. Safari hii ndugu hawakuuawa. Kwa hiyo kila fitina ya ikulu ilikuwa na mtu wa kuketi mahali pake. Hofu hiyo haimwondolei hatia. Inaeleza tu kwa nini utii wa vijana kwa Mungu ulionekana kuwa uasi kwa mfalme. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyemkemea kwa kuuawa Askofu Hannington wa Anglikana, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakamwondoa Mwanga. Kiti alipewa Kiwewa, yule mwana wa kwanza ambaye desturi ilimkataa. Hakumaliza hata miezi miwili. Alipokataa kutahiriwa, Waislamu walimweka Kalema, naye mwaka 1889 aliwaangamiza watu wengi wa nyumba ya kifalme, akiwemo Kiwewa, ili asibaki wa kumpinga.

Mwanga alivuka ziwa hadi Magu, kisha akapokelewa katika misheni ya Mapadre Weupe ya Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hapo walikuwapo Askofu Livinhac na Padre Lourdel, waliofukuzwa Buganda mwaka ule ule. Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, aliwafahamu mashahidi kwa sura na kwa jina, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha wengi wao. Alimpa mwuaji wao hifadhi na kumfundisha katekisimu. Wakristo walimrudisha Mwanga kitini Oktoba 1889, na baada ya kupinduliwa tena kwa muda mfupi alithibitika Februari 1890. Padre Lourdel alifariki Mei ya mwaka huo.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa. Tarehe 14 Agosti mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, alitangazwa Kabaka chini ya walezi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waanglikana, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mkataba wa 1900 ulibadili utaratibu wenyewe: Kabaka angechaguliwa kwa kura nyingi za Lukiiko, baraza la Buganda, kutoka uzao wa Mutesa pekee, na kwa kibali cha serikali ya Uingereza.

Mwanga alihamishiwa visiwa vya Shelisheli, akabatizwa huko katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli, akafariki mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa, ukazikwa Kasubi karibu na baba yake.