Chelezo cha Ambachi

Kabla Juba haijawa mji, kituo cha wafanyabiashara kilikuwa Gondokoro, nchi ya Wabari, ukingo wa mashariki wa Nile Nyeupe. Hapo ndipo mpelelezi Mwingereza Samuel Baker alipokutana na wapelelezi wenzake Speke na Grant, Februari 1863.

Baker alikuwa na jicho la vifaa. Mwaka 1861, upande wa mto Atbara, aliwaona wawindaji wa Hamran wakimchoma kiboko kwa chusa lenye kamba ndefu. Mwisho wa kamba palifungwa chelezo cha ambachi, kikubwa kama kichwa cha mtoto. Kiboko akizama, chelezo kinamsaliti.

Ambachi ni mti umeao vinamasini mwa Nile, mwepesi kuliko kizibo. Washiluki waliufunga matita wakapata vyombo vya kuvulia. Kwa Wabari, uvuvi na uhunzi viliachiwa dupi, tabaka la chini. Dharau ya ajabu, kwa kazi iliyolisha watu!

Mti mwepesi ulifaa kwa vyelezo hata Uingereza: wavuvi wa mashindano wa mto Trent walichonga vyelezo vya balsa na henzirani: mti mwepesi juu, mzito chini.

Tukirudi Afrika, kwenye Ziwa Baringo, Kenya, Wachamus waliunda vyombo vyao kwa ambachi uohuo.