Unangoja Kamera Mpya ya Mirolesi? Cheki Hizi Vitu Kabla Umwage Ganji

Fununu za kamera mpya zikianza kuzunguka, wasee wa picha hukosa usingizi. Kila mtu ana kitu anaombea iwekwe, na kuna wale huuza kamera walizo nazo mapema ndio wakae rada. Shida ni moja: harusi, ruracio na gradu hazingojei kampuni ya Japani. Kwa hivyo kabla uamue kungoja ama kununua, elewa ni nini hubadilika kamera mpya ikitoka.

Mirolesi ni nini kwani?

DSLR iko na kioo ndani, kazi yake ni kurusha picha hadi pale unachungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu ndio mwanga ufike kwa sensa. Mirolesi haina hicho kioo. Unachungulia skrini ndogo inayokuonyesha picha vile itatoka, hata kabla ubonyeze. Kama ni giza, unaona giza.

Panasonic ndio walifungua njia 2008 na Lumix G1. Sony wakaleta A7 ya fulu fremu 2013. Kufika 2018, Canon na Nikon nao wakaingia kwa fulu fremu na EOS R na Z7.

Stori ya A7 III na A7 IV

Hii ndio mfano poa wa kungoja. Sony A7 III ilitangazwa Februari 2018, bei ya Marekani kama dola 2,000. IV ikatangazwa Oktoba 2021, kama dola 2,500. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, na hatujahesabu usafiri na ushuru wa kuifikisha Nairobi. Waliongoja walipata nini?

- Megapikseli: kutoka 24 hadi 33.
- Video: III ilikuwa inafika 4K ya fremu 30 kwa sekunde, rangi za biti 8. IV inafika fremu 60 na biti 10. Lakini ukiweka 4K ya 60, inatumia katikati ya sensa tu, so lenzi yako pana haionekani pana tena.
- Skrini: ya III inainama juu na chini. Ya IV inafunguka kando na kugeuka, unajiona ukijirekodi.
- Kasi: zote mbili picha 10 kwa sekunde.
- Betri: zote zinatumia betri moja, lakini kwa vipimo rasmi, ukitumia skrini, III inapiga picha 710 na IV 580.

Umeona hapo mwisho? Mpya ilirudi nyuma kwa betri. Mpya si bora kwa kila kitu.

Vitu vitano vya kuangalia

1. Mdomo wa lenzi. Sony ni E, Canon ni RF, Nikon ni Z. Kamera utabadilisha, lakini lenzi utakaa nazo miaka. Ukihama kampuni, unaanza kununua upya. Kama uko na lenzi za zamani za Canon EF, adapta inazishikisha kwa RF bila noma.

2. Autofokasi. Hapa ndipo kamera mpya hulipa kweli. Ikishika jicho la bibi harusi akiingia akidansi, haupotezi hiyo sekunde. Na hairudiwi.

3. Stebilaiza ya ndani. Inakusaidia kupiga kwa mkono kukiwa na giza. Lakini kama mtu anakimbia, haimgandishi. Hiyo ni kazi ya spidi ya shata.

4. Joto. Canon EOS R5 ya 2020 ilikuja na 8K, na Canon wenyewe wakasema itarekodi hiyo 8K kama dakika 20 kabla ijizime ipoe. Hotuba za wazee wa ruracio unazijua. Cheki kamera inarekodi muda gani mfululizo.

5. Megapikseli. Picha ya 24 iko na pikseli 6000 kwa 4000. Insta inaonyesha upana wa 1080. Usimwage ganji kwa 45 kama hauchapishi mabango.

Sasa, ungoje ama ununue?

Jiulize swali moja: kuna kazi umepoteza kwa sababu ya kamera uliyo nayo? Kama mteja alitaka kitu haiwezi, na si mara moja, badilisha. Kama haijawahi tokea, weka hiyo doo kwa lenzi ama taa. Wateja wataona tofauti haraka.

Mpya ikitoka, wengi huuza ya zamani na bei hushuka. Hapo ndipo msee wa bajeti huingia. Ukienda kucheki, uliza imepiga shata ngapi, piga ukuta mweupe uone kama sensa ina madoa, na umulike lenzi na tochi utafute kuvu ndani. Jaribu memori kadi yako pale pale kabla utume M-Pesa.

Na kama kazi moja inahitaji kamera kali, kodi ya siku moja na uweke hiyo gharama kwa bei ya mteja. Lakini usikubali diposti ya harusi ukitegemea kamera haijafika dukani. Tarehe ya harusi haisongi. Ya kamera inaweza songa.