Rimsky-Korsakov Baina ya Bahari na Muziki

Habari za watu mashuhuri huzoea kusimuliwa kana kwamba kila mmoja wao alifika siku moja penye njia panda, akatazama kulia na kushoto, akachagua. Maisha ya Nikolai Rimsky-Korsakov, mtunzi wa muziki wa Urusi, husimuliwa hivyo mara nyingi: alikuwa mwanamaji, akaliacha jeshi kwa kupenda muziki. Maneno hayo si uongo, walakini yanaficha mengi kuliko yanayofunua. Uamuzi huo ulichukua miaka 12, tangu mwaka 1861 hata mwaka 1873, na muda huo wote alikuwa na mguu mmoja majini na mwingine nchi kavu. Tena, chuo cha muziki ambacho angaliweza kukikimbilia hakikuwako siku alipotakiwa kuchagua. Na alipokuja kukiingia, hakukiingia kama mwanafunzi.

Alizaliwa mwaka 1844 katika mji mdogo wa Tikhvin, upande wa mashariki ya St Petersburg, mahali pasiposikika mawimbi. Baba yake, aliyepata kuwa gavana wa jimbo, alikuwa mzee aliyekwisha acha kazi. Ndugu yake mkubwa, Voin, alimtangulia kuzaliwa kwa miaka 22, kwa hiyo alikuwa kwake kama baba wa pili kuliko kaka. Voin alikuwa mwanamaji hodari. Katika ujumbe wa Urusi uliokwenda Japani mwaka 1853 aliongoza merikebu ndogo iitwayo Vostok. Mtoto ambaye hajapata kuiona bahari alijifunza majina ya kamba na matanga kwa ajili ya mapenzi ya ndugu huyo na ya vitabu vya safari. Mwaka 1856, alipokuwa na umri wa miaka 12, aliingizwa Chuo cha Wanamaji cha St Petersburg. Piano alikuwa amekwisha fundishwa nyumbani, lakini katika nyumba za waungwana wa Urusi ujuzi huo ulikuwa pambo. Hakuna aliyeuhesabu kuwa kazi.

Mjini alisikia opera na okestra, na pambo likaanza kugeuka njaa. Mwalimu wake wa piano tangu mwaka 1859, Fyodor Kanille, alimfungulia mlango wa muziki wa Glinka na wa Beethoven, akamtia moyo wa kutunga. Mwaka 1860 Voin alikata mafunzo hayo kwa kuwa hakuona faida yake. Kanille akamwambia kijana aendelee kuja siku za Jumapili, si kwa masomo bali kupiga piano pamoja na kuzungumza. Mwishoni mwa mwaka 1861 akampeleka kwa Mily Balakirev.

Hapo ndipo jambo lilipoanza kuwa zito. Balakirev alikuwa na umri wa miaka 24 tu, hakupata kusoma muziki katika chuo chochote, lakini alikuwa na nguvu ya kuwatawala watu. Alimwamuru mwanafunzi huyu wa jeshi, asiyejua hata majina ya kanuni za sauti, aanze mara moja kutunga simfoni. Katika baraza yake walikuwamo César Cui, mhandisi wa jeshi, na Modest Mussorgsky, aliyekuwa ameacha kazi ya uafisa mwaka 1858. Baadaye akaja Aleksandr Borodin, mtaalamu wa kemia. Kijana wa miaka 17 aliyekaa kati ya watu hao hakuweza kurudi bwenini na moyo ule ule aliotoka nao.

Mwaka 1862 alimaliza masomo ya Chuo cha Wanamaji, na baba yake akafariki mwaka huo huo. Sheria ilikuwa kwamba mhitimu sharti aende safari ndefu ya baharini. Balakirev alitaka abaki. Voin, ambaye sasa alikuwa mkuu wa chuo chenyewe, hakukubali, wala mama yao hakukubali. Waandishi wengi wamemlaumu Voin kwa ugumu huo, na lawama hiyo si ya haki. Urusi ya wakati ule ilikuwa nchi ya vyeo, ambapo kila mtu alijulikana kwa daraja lake: mwungwana, mfanyabiashara, askari, mkulima. Daraja la mwanamuziki halikuwamo. Anton Rubinstein, mpiga piano aliyesifiwa Ulaya nzima, alieleza hali hiyo katika makala ya mwaka 1861, akataka chuo ambacho wahitimu wake watapewa cheo cha “msanii huru” kinachotambuliwa na serikali. Kumwachisha kijana yatima uafisa kwa ajili ya simfoni ambayo haijakamilika ilikuwa ni kumvua nguo moja kabla ya kujua kama nyingine imeshonwa.

Chuo hicho cha Rubinstein, Konsavatori ya St Petersburg, kilifunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 1862. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza alikuwamo Pyotr Tchaikovsky, karani wa Wizara ya Sheria, ambaye mwaka uliofuata aliacha ukarani. Kabla mwaka 1862 haujaisha, Rimsky-Korsakov alikuwa safarini katika merikebu Almaz. (Jina hilo ni almasi, neno ni lile lile, limefika kwa Warusi na kwa Waswahili kutoka mashariki kwa njia mbili mbalimbali.) Msomaji atadhani kwamba jeshi ndilo lililomnyima chuo. La, hata angalibaki nchi kavu asingalikwenda kwa Rubinstein. Balakirev alikidharau chuo hicho, akiona kitawafunga Warusi katika kanuni za Kijerumani, na mwaka ule ule alianzisha pamoja na Lomakin shule yake mwenyewe, Shule Huru ya Muziki. Basi upande wa jeshi kulikuwa na Voin mwenye amri, na upande wa muziki kulikuwa na Balakirev mwenye amri. Na kijana hakuwa huru kwa yeyote kati ya hao wawili.

Safari ilidumu miaka miwili na miezi minane. Huko Uingereza alitunga sehemu ya polepole ya simfoni yake, akaipeleka kwa posta kwa Balakirev. Mwaka 1863 Urusi iliogopa kupigana na Uingereza na Ufaransa kwa sababu ya maasi ya Poland, ikapeleka manowari zake New York, na Almaz ikawamo. Aliiona Amerika ikiwa katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, akaona maporomoko ya Niagara, kisha Rio de Janeiro. Alisoma Homer, Shakespeare na Goethe. Lakini muziki ulififia: katika kumbukumbu zake alikiri kwamba fikira ya kuwa mtunzi ilimtoka kidogo kidogo, na nchi za mbali zikaanza kumvuta. Ungamo hilo ni la thamani kubwa. Wale wanaosema kwamba kipawa hakizimiki hawajasoma ukurasa huo.

Alirudi mwaka 1865, akapewa kazi ya afisini iliyomchukua saa mbili au tatu kwa siku. Balakirev akamshika tena. Simfoni ikakamilishwa na kupigwa mwezi wa Desemba mwaka huo, na wasikilizaji wakashangaa kumwona mtunzi akitokea mbele yao amevaa sare ya jeshi. Kwa miaka sita jeshi lilimlisha, naye akatunga, kwa kazi ambayo jeshi halikuiomba.

Mwaka 1871 Azanchevsky, mkuu mpya wa Konsavatori, alimwita awe profesa wa utungaji na wa upangaji wa vyombo, na kiongozi wa okestra ya wanafunzi. Alikuwa na miaka 27. Alikubali, na baadaye aliandika bila kujificha kwamba hakustahili: hakupata kuandika zoezi moja la kufungamanisha sauti kwa kanuni, hakujua majina ya mapatano ya sauti aliyokuwa akiyatumia kila siku katika tungo zake, wala hakupata kuongoza okestra. Alifundisha amevaa sare, kwa kuwa afisa wa Urusi alihesabiwa yuko kazini wakati wote. Mtu huyu, mbele ya vijana waliolipa ada ili wajue, alikuwa katika hatari ya kuaibika kila somo.

Alilolifanya ndilo linalomtenga na wengi. Aliacha karibu kabisa kutunga, akanunua vitabu vya masomo, akaanza tangu mwanzo, usiku akijifunza yale ambayo mchana alitakiwa kuyafundisha. Mwaka 1875 alimpelekea Tchaikovsky fuga kumi, yaani tungo ambazo sauti moja huifukuza nyingine kwa sheria kali, na yule karani wa zamani aliyekwenda chuoni kwa njia iliyonyoka akazikuta hazina kosa. Rafiki zake wa baraza ya Balakirev walimwona msaliti. Yamkini hapo walikuwa wakitazama matunda ya Chuo cha Wanamaji bila kuyatambua: mtu aliyezoeshwa tangu utoto kuamka kwa kengele na kurudia zoezi mpaka liwe sawa.

Voin hakuyaona hayo. Alifariki huko Pisa, Italia, mwezi wa Novemba mwaka 1871, na mdogo wake ndiye aliyekwenda kuuleta mwili wake nyumbani. Mwaka 1872 Nikolai alimwoa Nadezhda Purgold, mpiga piano na mjuzi wa muziki. Mwaka 1873 jeshi lilimwundia cheo kisichokuwako, cha ukaguzi wa bendi zote za wanamaji, nacho kilikuwa cha kiraia. Akajiuzulu uafisa, akavua sare, akaendelea kulipwa na bahari ile ile.

Ukaguzi huo haukuwa sadaka. Ili aweze kuwahukumu wapigaji, alijifunza kwa mkono wake filimbi, klarineti na tromboni. Na mwaka 1877 aliwatungia wanamaji tungo kwa ajili ya tromboni pamoja na bendi. Cheo kilifutwa mwaka 1884. Miaka minne baadaye alitunga Scheherazade kutokana na hadithi ambazo msomaji wa Kiswahili anazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela, na sehemu yake ya kwanza ni bahari na merikebu ya Sindbad. Kitabu chake cha kanuni za kupanga vyombo vya okestra, alichokianza yapata mwaka alipovua sare, kilichapishwa mwaka 1913, miaka mitano baada ya kufa kwake.