Marufuku ya Uvutaji Sigara katika Baa na Mikahawa ya Ayalandi

Marufuku ya uvutaji sigara ya Ayalandi ni zuio la kisheria lililoanza kutumika tarehe 29 Machi 2004, likakataza kuvuta tumbaku ndani ya karibu kila sehemu ya kazi iliyozibwa, baa na mikahawa ikiwemo. Jimbo la California lilikuwa limezuia sigara kwenye baa zake tangu 1998, na jiji la New York tangu 2003, lakini Ayalandi ndiyo nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa nchi nzima. Sifa hiyo ya kutangulia hutajwa mno. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni jinsi zuio lenyewe lilivyoandikwa: liliwekwa kama sheria ya kumlinda mfanyakazi, na mafanikio yake mengi yanatokana na uamuzi huo mmoja.

Chimbuko

Januari 2003 Waziri wa Afya, Micheál Martin, alitangaza kwamba zuio lingeanza siku ya kwanza ya mwaka 2004. Mkononi alikuwa na ripoti ya wataalamu iliyosema kuwa moshi wa sigara ya mtu mwingine huleta saratani na maradhi ya moyo, na kuwa mitambo ya kusafisha hewa haimkingi mfanyakazi ipasavyo. Vyama vya wenye baa vilipinga kwa nguvu, na tarehe ikasogezwa hadi Machi.

Vipengele

Mvutaji na mwenye baa wote huwajibika, kila mmoja kwa faini ambayo sheria ilipoanza iliwekewa kikomo cha yuro 3,000. Magereza, vyumba vya kulala hotelini, nyumba za kutunzia wazee na hospitali za magonjwa ya akili zilisamehewa. Mahali pasipo paa panaruhusiwa. Penye paa panaruhusiwa iwapo kuta hazizungushi zaidi ya nusu ya mzingo wake. Kwa sababu ya kipimo hicho, nyuma ya baa nyingi kumeota mabanda ya turubai yenye hita na upande mmoja au miwili iliyoachwa wazi.

Hoja ya mfanyakazi na majibu kwa wapinzani

Mteja anayekerwa na moshi anaweza kulipa bili yake akaondoka. Mhudumu anayemwaga visahani vya majivu zamu nzima hana pa kuondokea, isipokuwa aache kazi. Tofauti hii inaonekana ndogo, ila inabadili sheria yote. Anayeanzia kwa mteja huishia kwenye maafikiano: kona ya wavutaji, chumba chenye feni, saa maalumu. Anayeanzia kwa mhudumu huona mara moja kwamba maafikiano hayo hayamsaidii, maana hata kwenye kona ile meza lazima zifutwe na glasi zikusanywe, na moshi haujui mpaka uliochorwa sakafuni. Hispania ilitoa ushahidi wa upande wa pili bila kukusudia. Sheria yake ya 2006 iliziachia baa ndogo, zisizofika mita za mraba 100, zichague zenyewe. Nyingi mno zikachagua moshi, na Januari 2011 serikali ikalazimika kuzuia kila mahali. Miaka mitano ilipotea kwa sababu ya kutaka kumridhisha kila mtu.

Ayalandi ilibahatika kupata kipimo ambacho watafiti hukitamani na hukikosa: upande wa pili wa mpaka, Ayalandi ya Kaskazini, yenye baa za aina ile ile na wanywaji wa aina ile ile, haikuzuia sigara hadi Aprili 2007. Mate ya wahudumu wa baa wasiovuta yalipimwa kotinini, mabaki ambayo nikotini huyaacha mwilini, kabla na baada ya Machi 2004. Katika Jamhuri ya Ayalandi kiwango kilishuka kwa asilimia 80. Kaskazini, asilimia 20. Uchunguzi mwingine katika baa 42 za Dublin ulikuta chembechembe laini za hewani zimepungua kwa asilimia 83. Wapo waliodai kuwa moshi uliofukuzwa baa ungehamia nyumbani. Wahudumu wale wale walieleza kuwa hata nje ya kazi walikuwa wakikutana na moshi kwa muda mfupi zaidi kuliko awali.

Pingamizi la biashara ni zito zaidi na halifai kupuuzwa. Baa za vijijini zimefungwa kwa wingi tangu wakati huo, na wenye baa huitaja sigara kama chanzo. Hata hivyo mauzo ya baa yalikuwa yameanza kuteremka kabla ya 2004: bia ya dukani ilikuwa rahisi kuliko ya kaunta, na ukaguzi wa madereva walevi uliendelea kukazwa. Zuio huenda liliharakisha safari ya baadhi ya baa; kusema ndilo lililoianzisha ni kuipindua kalenda. Kuhusu uhuru wa mtu mzima kujidhuru, sheria hii haikuugusa. Mtu yuko huru kuvuta. Asichoruhusiwa ni kulipisha mapafu ya mwajiriwa. Na kama mwenye baa akijibu kwamba mwajiriwa alijua alichokubali, hoja hiyo hiyo ingetosha kufuta kofia ngumu migodini.

Utekelezaji

Wengi walitabiri kwamba Waayalandi wangeikaidi sheria hiyo. Ndani ya wiki ile ile ya kwanza mbunge John Deasy, msemaji wa sheria wa chama cha Fine Gael, alivuta sigara katika baa ya bunge, na kiongozi wake Enda Kenny akamvua wadhifa huo. Tukio hilo lilifundisha umma kuliko matangazo. Julai 2004 baa moja ya Galway iliwaruhusu wateja wavute waziwazi. Ilisalimu amri baada ya siku chache, na suala likaishia mahakamani kwa faini. Ripoti ya mwaka wa kwanza ilionyesha asilimia 94 ya sehemu zilizokaguliwa zikitii.

Mahali pengine

Norwei na New Zealand zilifuata mwaka 2004, Italia Januari 2005, Uskoti 2006, Uingereza yenyewe Julai 2007. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama kukinga watu dhidi ya moshi kazini. Kenya, kwa sheria yake ya 2007, iliacha mwanya wa maeneo maalumu ya wavutaji, yaani njia ya Hispania. Uganda, kwa sheria ya 2015, ilikaza zaidi kwa kuzuia sigara hata mita 50 kutoka sehemu ya umma.

Hali ya sasa

Sheria ya 2024 itapandisha umri wa kununua tumbaku nchini Ayalandi kutoka miaka 18 hadi 21 kuanzia Februari 2028. Sigara za kielektroniki hazikuguswa na zuio la 2004.