Miaka Mia Mbili ya Kuzuia Karatasi Isikatike

Karatasi ya gazeti huanza kama rojo yenye maji takriban asilimia 99. Humwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yakachujika, na sekunde chache baadaye utando huo, ambao bado ni maji zaidi ya nyuzi, hutakiwa kuuacha wavu na kuvutwa mbele. Hapo ndipo hukatika.

Mfaransa Louis-Nicolas Robert, aliyekuwa askari kabla ya kuingia kiwandani Essonnes, alipata hataza ya mtambo wa kwanza wa kutengeneza karatasi Januari 1799. Kabla yake karatasi ilitengenezwa mojamoja kwa kuchovya fremu ndani ya beseni. Yeye akaufanya wavu kuwa mkanda usio na mwisho. Karatasi yake, hata hivyo, ilitoka mbichi ikaanikwa. Nchini Uingereza, ndugu Henry na Sealy Fourdrinier walimgharimia fundi Bryan Donkin auboreshe mtambo huo, wakafilisika mwaka 1810. Robert alifariki 1828 akiwa mwalimu maskini.

Mwaka 1820 Thomas Bonsor Crompton alileta silinda za kukaushia zenye joto la mvuke. Sasa ukanda mmoja ulipita kutoka wavuni hadi kukauka, na kudhibiti mvuto kukawa ndiyo kazi kubwa ya fundi. Karatasi mbichi hurefuka ikivutwa, hivyo kila kundi la rola huzungushwa kwa kasi zaidi kidogo kuliko lililotangulia. Tofauti ikipungua, ukanda hulegea, hupepea na kujikunja; ikizidi, hukatika.

Lakini karatasi isiyo na dosari huvumilia mengi; hukatika pale penye dosari. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alieleza, kwa majaribio ya vioo, kwamba nguvu hujikusanya kwenye ncha ya ufa mdogo. Kwenye karatasi ufa huo ni tundu, kipande cha gome au mchaniko ukingoni.

Dosari kama hizo haziishi, ndiyo maana wahandisi wa karne ya 20 waliamua kutouacha utando peke yake: rola zenye mfyonzo wa hewa huunyanyua wavuni na kuukabidhi kwa kitambaa kinachoubeba. Leo baadhi ya mitambo hupita kasi ya mita 1,500 kwa dakika. Hata hivyo, ukanda ukikatika, mafundi hupitisha kwanza utepe mwembamba kutoka ukingoni, kisha huupanua taratibu hadi upana wote wa mtambo.