Seva ya nyumbani yaweza kubeba kazi za Raspberry Pi

KOMPYUTA ndogo ya bodi moja iitwayo Raspberry Pi iliingia sokoni nchini Uingereza Februari 29, 2012. Ilibuniwa ili kuwafundisha vijana kuandika programu, lakini haikupita muda mrefu watu wazima wakaigeuza mtumishi wa nyumbani, wa kuongoza taa na kuzuia matangazo ya biashara ya intaneti.

Baadhi ya watu hao wanayo pia seva ya kuhifadhi data, yaani kisanduku chenye diski mbili au zaidi ambamo familia huweka picha na nyaraka zake. Hapo ndipo linapozuka swali: kwa nini vyombo viwili viwake usiku na mchana, ilhali kimoja chaweza kufanya kazi zote?

Sababu nyingine ni uimara. Raspberry Pi kwa kawaida huendeshwa kutoka kwenye kadi ya microSD, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Diski za seva huhimili zaidi kazi hiyo.

Njia inayotumika ni kompyuta pepe. Programu maalumu hutenga sehemu ya prosesa, kumbukumbu na diski ya seva, kisha huifanya ionekane kama kompyuta inayojitegemea, yenye mfumo wake endeshi. Kampuni za Synology na QNAP za Taiwan hutoa programu za aina hiyo kwa baadhi ya seva zao.

Hata hivyo, upo mtego unaowanasa wengi. Raspberry Pi hutumia prosesa ya aina ya ARM, ilhali seva nyingi zinazokubali kompyuta pepe hutumia prosesa za Intel au AMD, ambazo lugha yake ni nyingine. Faili iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi ya Raspberry Pi haitawaka humo hata ikinakiliwa kwa usahihi.

Zipo njia tatu za kukwepa kikwazo hicho. Ya kwanza ni kutumia Raspberry Pi Desktop, toleo lililotengenezwa kwa kompyuta za kawaida. Toleo la Julai 2022 limejengwa juu ya Debian 11 ya mwaka 2021, hivyo lafaa zaidi kwa kujifunzia. Kwa kazi ya kudumu, ni heri kusimika Debian mpya, kwa kuwa ndiyo msingi wa mfumo wa Raspberry Pi.

Ya pili ni kupakua programu yenyewe iliyoandaliwa kwa ajili ya seva. Home Assistant, inayoongoza vifaa vya nyumbani, hutolewa ikiwa kompyuta pepe iliyo tayari. Pi-hole, inayozuia matangazo, huweza kuendeshwa kwa Docker, ambayo hula kumbukumbu kidogo zaidi.

Ya tatu ni programu ya QEMU, ambayo huiga prosesa ya ARM. Hufanya kazi, lakini polepole mno kwa matumizi ya kila siku.

Kabla ya kuanza, msomaji achunguze kumbukumbu ya seva yake. Home Assistant pekee hupendekezewa GB 2. Seva yenye GB 2 tu haitaimudu. Aidha, pini 40 za Raspberry Pi zinazounganishwa na vihisi na taa hazipo katika kompyuta pepe. Mwenye kuzihitaji hana budi kubaki na bodi yake.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kuweka kazi zote katika chombo kimoja ni kuweka mayai yote katika kapu moja: seva ikizimika, taa, mtandao na picha za familia huathirika kwa pamoja. Diski mbili zinazonakiliana ndani ya kisanduku kimoja si akiba, kwa kuwa wizi au moto huvichukua vyote. Nakala nyingine na ihifadhiwe mahali pengine kabla ya kompyuta pepe ya kwanza kuwashwa.